Walimu wetu nao wapewe tuzo

Mhariri, kila Mei Mosi tunaona wafanyakazi hodari wanapewa cheti na bahasha, sasa walimu wa shule za serikali kwa nini wasiwe na tuzo yao kila mwaka, si tarehe 5 Oktoba siku ya walimu duniani ipo tu? Mwalimu wa mwanangu huku Mbagala nimepanda naye daladala jioni, kakaa siti ya nyuma anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu inaruka kila tuta. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika. Ila jamani msiangalie ufaulu wa la saba peke yake, yule anayehangaika na a e i o u huko la kwanza atakumbukwa lini? Na iwe hela, vitenge tumeshawapa vya kutosha.

Mzazi, Mbagala