Nyaya na mitungi ya gesi majumbani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kazi za umeme na gesi tunazojifanyia wenyewe nyumbani. Kufunga nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, lakini kwa ninavyoona mtaani kwetu Ngamiani, ukaguzi huishia siku nyumba inapounganishiwa umeme. Soketi itakayoongezwa baada ya miaka 3, kwa waya mwembamba na bila waya wa ardhi, haitazamwi na mtu, hata kama ni ya pasi au friji.

Gesi ya mitungi yanitia hofu zaidi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni bila kuonekana, na cheche ya swichi yatosha kuiwasha. Serikali inakusudia asilimia 80 ya kaya zitumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, jambo ninaloliunga mkono kwa dhati. Basi muuza mitungi alazimishwe kisheria kukagua mpira na regyuleta ya mteja, na kumwonyesha namna ya kupima uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga