YAH: SAFARI YA DUBU ALASKA, MEI 2024 – MTEJA ALIYEGEUZWA MPAGAZI

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Natumaini wewe na ofisi yako ya Arusha mu wazima.

Mkataba mnao, mliuandika wenyewe, sitaurudia. Nakumbusha maneno manne tu ya ukurasa wa pili: kiongozi mmoja, mteja mmoja. Bei ya wateja wawili kwa kiongozi mmoja ilikuwepo, chini kwa dola 6,000, na binti wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimjibu: mwanangu, mimi nimekuwa mwindaji bingwa, kiongozi wa wageni wawindaji, miaka 22, Rungwa na Selous, tofauti ya hizo bei naijua. Nikalipa 27,500. Hizo ni bakshishi za wageni nilizoweka tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Sasa tarehe 16 Mei.

Tulilala kifudifudi juu ya mgongo wa kilima tangu alfajiri, upepo wa Bahari ya Bering unakata masikio. Dubu nilimwona mimi. Si kijana wenu wa kuniongoza, mimi. Alikuwa anashuka kwenye theluji iliyobaki korongoni, dume, peke yake, anatembea kama mzee mwenye mali, masikio madogo yamekaa mbalimbali kichwani. Anayejua dubu anajua maana yake: masikio yakionekana madogo, kichwa ni kikubwa. Manyoya hayajachubuka popote. Nilimgusa kijana begani, akaangalia kwa darubini, akatoa neno la kwao ambalo sitaliandika. Mnyama alikuwa anakuja upande wetu. Nikafunua lenzi za bunduki. Hapo ndipo kijana aliponishika mkono, akamgeukia mteja mwingine, Mmarekani ambaye kwa mkataba wangu hakupaswa kuwepo kambini, akamwita asogee mbele. Mimi akaniambia: "Wewe baki na mizigo."

Nikabaki na mizigo.

Huyo Mmarekani aliletwa na ndege ndogo siku ya tatu. Nilipoiona inatua kwenye changarawe za mto nilidhani inaleta mafuta ya jiko. Nikaambiwa kiongozi wake ameugua, "tutabanana kidogo". Kiongozi mwenye leseni kamili, ambaye mkataba unasema atakuwepo kambini, sikumwona hata kivuli. Niliachiwa msaidizi wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza.

Hali ya hewa silalamikii. Siku mbili za ukungu pale kijiji cha King Salmon ni za Mungu. Chakula cha pakiti nacho nilikula. Lakini msaidizi huyohuyo, siku ya kwanza, hata hema halijasimama, alinionyesha dubu ng'ambo ya mto akasema "twende". Tulikuwa tumeshuka ndege saa moja tu iliyopita! Sheria ya Alaska inasema ukishapanda ndege huwindi mpaka saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Mimi, mgeni kutoka Usa River, ndiye niliyemwambia. Akacheka. Ningemfuata, leo ningekuwa nawaandikia kutoka mahabusu.

Na hata kabla ya hapo, ofisi yenu iliniambia kibali cha kuingiza bunduki Marekani "utapata palepale uwanjani". Hakuna kitu kama hicho kwa mtu asiye raia. Kibali kinaombwa mapema na huchukua wiki kadhaa. Nilikifuatilia mwenyewe. Kazi ya kampuni ni ipi hasa?

Narudi kwenye lile neno la mizigo, kwa sababu nilipopiga simu mara ya kwanza ofisa wenu alisema labda mzee sikuelewa Kiingereza cha yule kijana. Nilikielewa vizuri. Kwanza alinialishia vidole viwili, tak tak, kama anayeita mbwa. Kisha akaonyesha chini: mabegi matatu na miguu mitatu ya darubini kubwa. Kisha akasema, na hakunong'ona: "Wewe baki na mizigo." Dubu yuko hatua mia mbili. Mkononi nina bunduki ya .375 iliyosimamisha nyati mbele ya wageni wa mataifa kumi. Mfukoni nina leseni ya dola 630 na lebo ya chuma ya kumfungia dubu, ya dola 1,300, yenye namba yangu, si ya yule Mmarekani. Nikakaa chini, juu ya begi la mtu mwingine, nikashika ile miguu mitatu isianguke.

Mtaniuliza kwa nini nilikaa. Nilikaa kwa sababu watu wakigombana mbele ya mnyama wa namna ile anakufa mtu, na mimi mwenyewe nimewafundisha wageni kwamba kiongozi akisema kaa, unakaa, ugomvi ni wa kambini. Kijana wenu alitumia adabu yangu kama ngazi. Katika miaka 22 sijawahi kumwambia mgeni abaki na mizigo, hata yule aliyetapika ndani ya gari langu. Hata wapagazi hatukuwapigia vidole.

Mmarekani alimpiga risasi ya tumbo. Dubu akaingia kwenye vichaka vya alda, matawi yamelala na kusukana kama uzio wa boma. Ndipo kijana akageuka, sauti laini: "Mzee, umewahi kufuata mnyama aliyejeruhiwa?" Sasa nikawa mzee! Nilitangulia, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa haachwi, awe wa nani. Tulimkuta amekufa, kama hatua arobaini ndani. Baada ya hapo nikapewa simu niwapige picha.

Sisemi palikuwa na hongo. Nasema usiku wa tarehe 15 niliona noti zikihama mfuko.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba nusu ya malipo, tuachane kwa heri. Kisha nikafungua tena barua pepe yenu ya wiki iliyopita: "Pole mzee wetu, tunakukaribisha tena Mei 2025, kwa punguzo." Ndugu Mkurugenzi, Rasi ya Alaska, pale tulipowinda, inafunguliwa Mei kwa miaka isiyo witiri tu, na Oktoba kwa miaka witiri. Mei 2025 hakuna uwindaji wa dubu pale. Mnanipoza kwa kuniuzia msimu usiokuwepo. Ama hamjui mnachouza, ama mnajua.

Kwa hiyo nusu siitaki tena. Nataka 27,500 zote, na 1,930 za leseni na lebo, na nauli yangu ya KIA hadi Anchorage kwenda na kurudi, ndani ya siku 14. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na yule kijana na mwenye leseni wake. Iwe na lile neno alilolisema, lisifichwe ndani ya "kutoelewana".

Mkinyamaza, jimbo la Alaska lina bodi yake ya viongozi wa uwindaji, Big Game Commercial Services Board, na leseni za washirika wenu ziko mikononi mwao. Maelezo yangu nimeshayaandika kwa Kiingereza, yale ya siku ya kwanza nimeyaweka juu kabisa. Hapa nyumbani kuna Tume ya Ushindani, na ninaye wakili. Na wawindaji bingwa wa Arusha tunafahamiana wote. Wageni wetu hutuuliza wapi pa kwenda wakimaliza Afrika, na mpaka mwaka jana nilikuwa nawatajia ninyi.

Nimeisoma barua hii tena kabla ya kuifunga. Siku 14 ni nyingi. Nawapa saba, kuanzia siku mtakaposaini kitabu cha kupokelea barua.

Kati ya yale mabegi matatu, moja lilikuwa langu. Lilirudi bila glavu. Nazo ziwekeni kwenye hesabu.

Wenu,
Mteja wa mkataba wa Mei 2024,
mwindaji bingwa mstaafu,
Usa River