Barua kwa Mwanangu: Kilomita 11,800 za Kwenda New York

Mwanangu mpendwa,

Nimezisoma ratiba mbili za ndege ulizonitumia, nami naelewa kwa nini umemwambia kaka yako kwamba kwenda New York ni safari ya usiku mmoja tu ilhali kurudi kunakula karibu siku nzima. Saa ya kuondoka huandikwa kwa majira ya Nairobi na ya kufika kwa majira ya New York, mji ulio nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, na kwa saa saba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Ukishazioanisha utaona kwamba kwenda ndiko kurefu: takriban saa 15 kwa ndege ya moja kwa moja, na kurudi hupungua kwa saa moja hivi.

Umbali ni uleule, kama kilomita 11,800. Weka rula kwenye ramani ya ukutani na utadhani ndege itatoka Afrika kupitia Mauritania. Lakini ukivuta uzi juu ya tufe la dunia, utapita Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, utoke Afrika kupitia Moroko, kisha uvuke Atlantiki karibu na visiwa vya Azores. Marubani hawaufuati uzi huo moja kwa moja, maana anga nyingine hufungwa, kama ya Sudan vita vilipozuka Aprili 2023.

Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, safari hiyo ingechukua saa 13 na dakika chache. Kinachoirefusha zaidi ni upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao huikabili ndege inapokwenda na kuisukuma inaporudi, nao huwa mkali zaidi miezi ya baridi. Kwa hiyo ukisafiri Januari, usikate tiketi ya basi la kwenda chuoni asubuhi hiyohiyo.

Usinung'unike kwamba ndege inaondoka usiku. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Ndege iliyobeba mafuta ya safari ndefu kiasi hicho hunyanyuka vizuri zaidi kukiwa na ubaridi.

Ratiba ya pili, ile ya kupitia Doha, ni nafuu kweli, ila inakupeleka kwanza kaskazini mashariki, na jumla yake inapita kilomita 14,000 kabla hujahesabu saa za kungoja uwanjani. Kabla ya Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja, kubadilisha ndege njiani hakukuepukika. Sasa sioni sababu. Tofauti ya nauli nitaongeza mimi.

Ukitua asubuhi, tupigie simu papo hapo, kwani huku itakuwa alasiri na sote tutakuwa macho.

Mama yako