Msiondoke kimya: barua kwa vijana wetu wanaozunguka ligi za Ulaya

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Wengine wenu nimewafundisha mpira mkiwa bado mnacheza peku. Wengine nawafahamu kwa kuwaona kwenye simu tu, mmeshika kalamu mkono mmoja na skafu ya klabu mpya mkono wa pili. Salamu hizi ni zenu nyote: uliyeko daraja la pili Sweden, uliyeko Albania, uliyeko Uturuki, na wewe uliyerudi nyumbani na hutaki kuulizwa kwa nini umerudi.

Kilichoniudhi ni hiki. Kijana mmoja wa kwetu, beki wa kushoto mwenye mapafu ya ajabu, alisajiliwa na klabu moja ya Ulaya Mashariki kwa miaka 2. Mkataba wote ulikuwa katika lugha asiyoijua hata neno. Akasaini, akapigwa picha, sisi huku tukashangilia. Mwanzoni mshahara uliingia. Halafu ikaingia nusu. Halafu haikuingia hata senti, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila akiuliza anaambiwa wiki ijayo. Akawa anakula kwa mchezaji mwenzake, na jioni anatuma picha za mazoezi ili mama yake asijue. Siku moja akafunga begi, akapanda ndege, akarudi. Hakumwandikia mtu yeyote barua. Klabu ikageuza maneno siku hiyohiyo: huyu ametoroka kazini, amevunja mkataba, sasa yeye ndiye anayetakiwa kutulipa fidia.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hiki ndicho kilichonikosesha usingizi. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis. Klabu isipokulipa mishahara ya miezi 2 bila sababu ya kisheria, una haki ya kuvunja mkataba, ilimradi uwe umeiandikia kwamba unaidai na kuipa angalau siku 15 ilipe. Siku hizo zikipita bila fedha, unaandika barua ya pili ya kuvunja mkataba, unaondoka mchezaji huru, na deni lako linabaki palepale. Una miaka 2 ya kupeleka dai FIFA, na mchezaji hatozwi ada ya kesi. Dai huenda FIFA isipokuwa mkataba wenyewe uwe umetaja baraza la usuluhishi la nchi ile, na ndiyo maana nasema someni! Yule kijana alikuwa na miezi 3 mkononi. Alichokosa ni karatasi moja.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika. Akaniambia, "Mwalimu, ningemwambia nani kwamba silipwi?" Basi. Hakushindwa na sheria, alishindwa na aibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijaona mahali msemo huo unapowaumiza watu kama kwenye kazi yenu. FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani, ulitoa utafiti mwaka 2016 uliohoji karibu wachezaji 14,000. Zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa wamecheleweshewa mshahara. Hao ni watu wanaolipwa kucheza mpira, si wa ndondo. Kutolipwa si dalili kwamba wewe ni mbovu. Ni jambo la kawaida la kazi hii, na lina utaratibu wake, na utaratibu huo unaanza na wewe kufungua mdomo.

Aibu hii mmeirithi kwetu, na hapa naugeukia umma wetu. Vijiweni na mitandaoni mchezaji akitoka ligi kubwa kwenda ndogo, hukumu ni neno moja: amefeli. Mbwana Samatta wa Tanzania alikwenda Genk Januari 2016, akatwaa ubingwa wa Ubelgiji 2019, akafunga bao dhidi ya Liverpool pale Anfield mwaka huohuo, na Machi 2020 akiwa Aston Villa ya Uingereza akafunga bao Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Alipohamia Fenerbahçe ya Uturuki miezi michache baadaye, nilisikia watu wazima wakisema mpira wake umekwisha. Tangu hapo amecheza Antwerp, amerudi Genk, ametwaa ubingwa wa Ugiriki na PAOK 2024, na 2025 akaenda Le Havre ya Ufaransa. Hizo ni nchi 5 za Ulaya zilizokubali kumlipa mtu mmoja kwa miguu yake, kwa takriban miaka 10. Kama huko ni kufeli, nawaombea nyote mfeli hivyo.

Mtazameni McDonald Mariga wa Kenya. Alianzia Sweden, akaenda Parma. Januari 2010 Manchester City walimtaka, Uingereza ikamnyima kibali cha kazi. Siku chache baadaye akawa Inter Milan, na msimu ule Inter ikabeba mataji 3, likiwamo la Ligi ya Mabingwa. Baadaye alicheza daraja la pili Italia akiwa Latina, na daraja la pili Hispania akiwa Oviedo. Alifanya kazi yake kule kote. Michael Olunga naye alifunga mabao 3 katika mechi moja ya La Liga, ligi kuu ya Hispania, akiwa Girona, Januari 2018, na msimu ulipokwisha hakubaki. Akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, timu ikashuka daraja naye yumo. Mwaka 2020 akafunga mabao 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi ile. Angesikiliza kelele za vijiweni angekubali kushuka daraja Japani na kubaki?

Namjua kijana mwingine aliyekataa klabu ya daraja la pili Ubelgiji kwa sababu marafiki zake wangemcheka. Akasubiri ofa kubwa. Dirisha la usajili likafungwa, na la pili likafungwa. Sina la kuongeza.

Mengine nayataja haraka, mengi mnayajua ila hamyafanyi. Mkataba hauwezi kuwekewa sharti kwamba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya au ukipata kibali cha kazi; klabu inatakiwa kumaliza hayo kabla hujasaini. Wakala awe na leseni ya FIFA, na jina lake ulitafute wewe mwenyewe. Anayekuomba ada ya majaribio, mkimbie. Ukibakiza miezi 6 kwenye mkataba, una ruhusa ya kusaini na klabu nyingine, kwa hiyo jueni tarehe ya mwisho wa mkataba kama mnavyojua siku yenu ya kuzaliwa. Jifunzeni lugha ya nchi mliyopo, hata kama mtakaa msimu mmoja, maana kocha hampangi beki ambaye kipa hawezi kumwambia "mtu nyuma yako". Wekeni akiba.

Jihadharini na karatasi la pili. Kuna klabu zinakupa mkataba wa mshahara mdogo unaosajiliwa shirikisho, na pembeni karatasi la "haki za picha" ambalo ndilo lenye fedha. Siku ya kudai, klabu inakubali lile dogo, na hili jingine inasema si mshahara. Ombeni fedha yote iandikwe kwenye mkataba mmoja wa ajira, na mkikataliwa, muwe mmeelewa mnachosaini.

Wazazi na ndugu, nina neno na ninyi pia, na nalisema kwa upendo. Mtoto akiwa Ulaya simu yake hailali: ada, msiba, bati, pikipiki. Hakuna anayemuuliza kama amelipwa mwezi huu. Muulizeni hilo kwanza, halafu mtaje shida zenu.

Na ninyi viongozi wa akademia na timu za mtaani, mnaolalamika kwamba mchezaji ameuzwa na hamkupata kitu. Mchezaji akihamishwa kimataifa kwa fedha kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Lakini analipwa anayeonekana kwenye kumbukumbu za usajili. Nimeingia ofisi za timu nikakuta daftari lenye majina ya utani tu, "Chuma", "Dogo Kipara", hakuna tarehe ya kuingia wala ya kutoka. Halafu tunalaumu wazungu.

Wanangu mliorudi, ombi langu la mwisho ni kwenu. Mnakaa na siri nyingi: mikataba iliyovunjwa, mishahara iliyopotea, goti lililotibiwa vibaya, wakala aliyezima simu. Hawa wadogo zenu wanaofunga mabegi sasa hivi hawamwamini mzee kama mimi, wanawaamini ninyi. Leteni mikataba yenu ya zamani, hata ile iliyowaumiza, hasa hiyo. Kaeni nao ukurasa kwa ukurasa kabla dirisha la Januari halijafunguliwa. Na wewe unayedai, kama miaka 2 haijapita, kusanya taarifa zako za benki na ujumbe wote wa klabu, nenda kwenye chama cha wachezaji, SPUTANZA kwa Tanzania au KEFWA kwa Kenya, ukaandikiwe dai lako.

Mwalimu wenu