Shuka, gundi na wembe

Oakland, Juni

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Ujumbe wako wa sauti niliufungua ndani ya treni, ile inayopita chini ya bahari kutoka San Francisco, na mtandao ukakatika pale pale uliposema, "Sasa mwanangu, hii picha niliyoletewa..." Nikakaa na hofu yangu kizani mpaka tukaibuka upande wa pili. Nimeona nikuandikie, maana sauti ya simu pale nyumbani husikilizwa na ukumbi mzima.

Picha ni yangu kweli. Fulana ya njano, kamba mkononi, nyuma yangu bango la rangi zote. Lile ni tamasha la filamu la mtaani kwetu, filamu za wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake, na wale ambao mwili na nafsi havikukubaliana tangu utotoni. Aliyekuletea hakukudanganya. Alichosahau kukwambia ni kazi niliyokuwa nikiifanya: napanga foleni. Umeniona nikiifanya kazi hiyo hiyo Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha la filamu la ZIFF, nikiwa kidato cha nne, ukanisifu.

Wewe kwa stara yako umesema "watu wa namna hiyo". Mwenzako aliyeleta picha najua alisema mashoga. Neno lenyewe linanichekesha: Mama hadi leo akimwita jirani yake huanza na "Shoga yangu!" na hakuna anayetikisika, kisha neno hilo hilo likivuka mlango kwenda barazani kwa wanaume linageuka jiwe la kurusha.

Umeuliza kama na mimi ni mmoja wao. Ndiyo, Mjomba. Mama anajua tangu mwaka juzi. Alinyamaza wiki mbili, akaniletea dua ndefu, halafu bei ya karafuu, kana kwamba hatukuzungumza kitu. Simlaumu, na wewe sikuharakishi.

Sasa nikupe habari za kazi, maana najua ndizo utakazosoma mara mbili. Tumeanza vikao Januari, kila Jumanne usiku, kwenye chumba cha mchoraji mmoja kinachonuka tapentaini. Hakuna anayelipwa. Filamu zinaletwa kwa intaneti, tunazitazama kumi na mbili kwa usiku mmoja mpaka macho yanawasha, tunagombana. Nyingine mbaya, nikwambie ukweli; mtu anadhani akilia mbele ya kamera basi ametengeneza filamu. Viti tumeazima kanisani. Bango limeshonwa kwa vitambaa vya mapazia. Mimi na Mkenya mmoja tulipewa kuandika maneno ya chini ya picha, na huko ndiko nilikojua kwamba sentensi ndefu ni adui: msomaji hajamaliza, mdomo umeshafungwa. Mlangoni mwenye nacho analipa, asiye nacho anaingia. Bisi tunakaanga wenyewe, na zinaungua.

Huyo Mkenya alipanga foleni kwenye sinema ya Prestige, Nairobi, Septemba 2018. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, ilikuwa imepigwa marufuku kwao tangu Aprili kwa sababu ya wasichana wawili wanaopendana. Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku siku saba. Siku saba tu, Mjomba! Anasema watu walikuwa wanaitazama saa zaidi ya kioo. Marufuku yenyewe ikarudi baadaye.

Hata hapa mambo hayakuanza kwa zulia jekundu. Tamasha kongwe la aina hii, Frameline la ng'ambo ya ghuba kule San Francisco, lilianza Februari 1977 kwa usiku mmoja, vijana na filamu zao fupi za Super 8, ule mkanda wa milimita nane, kioo chao kikiwa shuka la kitandani lililobanwa ukutani. Mikanda yao walikuwa wakiipeleka ikasafishwe kwenye duka la kamera la Harvey Milk, mtetezi wa haki za watu kama sisi, mtaa wa Castro. Mwaka ule ule Milk akachaguliwa kwenye baraza la jiji, na Novemba 1978 akapigwa risasi ofisini. Kisha ukaja UKIMWI, ukakomba wasanii nyumba kwa nyumba. Tamasha lenyewe lilifika mpaka ukumbi wa Castro, uliojengwa 1922, uliokuwa na kinanda kinachoibuka kutoka chini ya sakafu. Ungelia wewe.

Jumamosi mzee mmoja, wa rika lako, alituletea mkanda wake wa enzi hizo. Milimita nane, mwembamba kama utambi. Dakika ya pili ukakatika, taa zikawashwa, watu wakaguna kwa adabu. Mikono ya mzee inatetemeka; ana gundi, ana wembe, hawezi. Nikasema nipe. Nikalowesha mdomo wa chini, nikaubana mkanda midomoni kama ulivyonifundisha: upande unaonata ndio wenye picha, huo ndio wa kukwangua. Nikakwangua fremu moja, nikapaka, nikabana, nikahesabu. Mzee akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia sinema ya Majestic, Vuga, Unguja. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba iko kona ya pili.

Ukapita ule mkanda wote. Hauna hadithi: wanaume wawili wanapika mayai, mmoja anamrushia mwenzake taulo. Lakini ukumbi ulikuwa unaongea nao. Wanawaita, wanacheka, mtu wa mbele yangu akasema "usiondoke" kwa sauti. Nikakumbuka Mama akisimulia maonyesho ya wanawake peke yao, Jumapili, buibui zimefunguliwa, watu wanamjibu mwigizaji, kilio kimoja ukumbi mzima. Wewe ulikuwa juu kwenye chumba cha mashine, mwanamume peke yako, na Mama anasema hukuwahi hata siku moja kutia neno juu ya uliyoyaona pale chini.

Nina swali. Kwa gundi ulikuwa ukihesabu mpaka ngapi kabla ya kuachia? Mimi nilifika thelathini, mzee anasema kumi yatosha, na tumeshaweka dau la chai. Na kile kisanduku cha bati bado kiko juu ya kabati? Kama chombo chako cha kubania mkanda kimo na hakijala kutu, kuna mtu wa Malindi anakuja huku Agosti. Mpe. Mzee ana mikanda mingine tisa.

Mpwa wako