Kaka, mafuta ya huku si kama mnavyoyasikia barazani

Deadhorse, Alaska

Kaka Bakari, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na wa Mjomba Hamisi pia. Hela ya mabati nimeituma kwa namba ya Mwanaidi. Yanunuliwe ya geji 28, si 32, maana kusi ikianza kuvuma yale mepesi yanang'oka na misumari yake.

Lakini lile neno la kwamba nimekalia mafuta, serikali inanigawia, nanyi nawabania, limeniuma na sitaki lizeeke moyoni. Ni kweli Alaska ina mfuko wa kudumu uliowekwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1976. Angalau robo ya mrabaha wa mafuta na madini huingia humo, huwekezwa, na mkazi aliyetimiza mwaka mzima wa kalenda akajaza fomu kati ya Januari na Machi hupata gawio. Mwaka 2022 lilikuwa dola 3,284. Mwaka 2025 limekuwa dola 1,000. Kwa mwaka, Kaka, si kwa mwezi. Pale Anchorage hazitoshi kodi ya mwezi mmoja ya nyumba ya familia. Tena hakuna senti ndani yake iliyotoka kwenye ile Hifadhi ya wanyama ya Aktiki mnayobishania, kwa sababu humo halijatoka hata pipa moja la kuuza.

Mjomba anasema Wazungu wanatulaumu kwa bomba la mafuta la kutoka Uganda kuja Chongoleani huku wao wanachimba, na wakiamua kutochimba ni kwa ajili ya kuringia wanyama. La kwanza namuunga mkono, wana ndimi mbili. La pili hapana. Hifadhi ya Aktiki ilitengwa mwaka 1960. Mwaka 1980 Rais Carter alisaini sheria ya kuipanua hadi kiasi cha ekari milioni 19, ila ukanda wa pwani, ekari milioni 1.5, ukaachwa ukining'inia: hakuna kuchimba mpaka Bunge liruhusu. Bunge lilipopitisha ruhusa mwaka 1995, Rais Clinton aliikataa. Bunge likaruhusu mwaka 2017 ndani ya sheria ya kodi, kwa hoja kwamba minada miwili ya vitalu italeta zaidi ya dola bilioni 1. Wa kwanza, Januari 2021, ulipata dola milioni 14.4, na mnunuzi mkubwa alikuwa shirika la maendeleo la jimbo lenyewe. Kampuni kubwa za mafuta hazikutokea. Wa pili, Januari 2025, haikuja ofa hata moja. Sasa sheria ya Julai 2025 imeamuru minada mingine isiyopungua minne katika miaka kumi.

Mtauliza, kama mafuta yapo kwa nini matajiri wakimbie? Makadirio ya serikali ya mwaka 1998 yalisema chini ya ardhi ya shirikisho kuna kati ya mapipa bilioni 4.3 na 11.8 yanayoweza kutolewa. Lakini kisima kilichochimbwa ni kimoja tu, karibu na kijiji cha Kaktovik, mwaka 1985 hadi 1986, tena kwenye ardhi ya wenyeji. Mengine ni hesabu za mitetemo, yaani magari kutetemesha ardhi na kusikiliza mwangwi wa miamba ya chini. Na hapo ndipo inapoingia kazi ninayoifahamu mimi, kazi ya maji.

Huku kiangazi hakuna mtambo mzito unaokanyaga tundra, ile ardhi isiyo na miti iliyoganda chini; hupita majira ya baridi juu ya barabara za barafu tunazozijenga kwa maji. Mnangoja udongo ufike nyuzi 5 chini ya sifuri kwa kina cha sentimita 30, na theluji ya pwani ifike sentimita 15. Kwanza hupita magari ya matairi mapana yenye upepo mdogo, kushindilia theluji. Kisha hukatwa vipande vya barafu ziwani, vinamwagwa na kusawazishwa kwa greda. Ndipo maboza yanapita yakinyunyiza maji, tabaka jembamba juu ya tabaka, mpaka barafu ifike sentimita 15 au zaidi. Ukimwaga maji mengi kwa mara moja, juu panaganda, chini panabaki uji, na lori la kwanza zito linapasua barabara. Ukinyonya mno ziwa lenye samaki, hewa iliyobaki chini ya barafu haiwatoshi. Kila maili hula kama galoni milioni moja, yaani zaidi ya lita milioni mbili kwa kilomita. Msimu huu mimi ndiye ninayeongoza msafara wa maboza, mwambie Mama, na sijamwona mwingine wa kwetu aliyewahi kukabidhiwa.

Upande wa magharibi tunapofanyia kazi maziwa ni maelfu. Kwenye ukanda wa hifadhi ni machache, na mengi hayana kina. Barafu ya majira ya baridi hufika karibu mita mbili, kwa hiyo ziwa lisilofika kina hicho huganda mpaka sakafuni. Maji yatatoka wapi? Ama wasafishe chumvi ya bahari, ama wajenge barabara za changarawe zenye unene wa mita moja na nusu au zaidi ili ardhi iliyoganda isiyeyuke. Barabara ya barafu huyeyuka Mei ikaondoka. Changarawe haiondoki.

Kuhusu magari ya mitetemo, yalipita ukanda ule majira ya baridi ya 1984 na 1985, na sehemu za njia zake zilikuwa zinaonekana bado robo karne baadaye. Tairi likiponda kuvumwani, jua linapiga udongo mweusi, barafu iliyo ndani inayeyuka, ardhi inatitia, maji yanatuama na mtaro unazidi kujichimba wenyewe.

Wapenda kuchimba husema sheria imewafunga kwenye ekari 2,000 tu. Soma wanachohesabu: viwanja vya ndege, changarawe, na nguzo za mabomba pale zinapogusa ardhi. Bomba linaloning'inia kati ya nguzo na nguzo halimo. Ndivyo mlivyogawana fidia ya shamba, Kaka: Shangazi akahesabiwa minazi iliyosimama upande wake, na kisima kilichokuwa kikinywesha shamba zima hakikuhesabiwa. Hilo sijalisamehe, nalisema waziwazi.

Karibuu, mnyama wa huku wa jamii ya kulungu, jike lake lenye ndama hujitenga na barabara na mitambo kwa kilomita nne au tano hivi. Kundi la karibuu liitwalo Porcupine, lililohesabiwa 218,000 mwaka 2017, huzalia kwenye ukanda huo mwanzoni mwa Juni, kwa kuwa upepo wa bahari hupunguza mbu na mbwa mwitu wengi hubaki milimani. Kundi la huku Prudhoe liliposogezwa na mitambo lilipata pa kuhamia. Kule milima imeibana pwani. Wagwich'in, wenyeji wa asili wa Arctic Village na vijiji vingine hadi Kanada wanakula nyama ya kundi hilo, kwa hiyo Mjomba asiseme ni watu dhidi ya wanyama.

Nao Wainupiat, wenyeji wa asili wa Kaktovik, walio ndani ya hifadhi yenyewe, viongozi wao wengi wanataka kuchimba. Siwalaumu. Kodi ya mitambo ya mafuta ndiyo iliyowaletea shule, zahanati na maji ya bomba. Lakini bomba kuu la mafuta la kutoka huku, kilomita 1,288 hadi bandari ya Valdez, halina haja ya hifadhi. Ni kweli limepungukiwa: mwaka 1988 lilipitisha kama mapipa milioni mbili kwa siku, sasa hayafiki laki tano, na mafuta yakienda polepole hupoa, nta ikaganda kwenye kuta. (Ya Uganda nayo yana nta, ndiyo maana bomba lenu linapashwa moto.) Mradi wa mafuta wa Willow, magharibi, ulioidhinishwa 2023, unatarajiwa kufika mapipa 180,000 kwa siku. Tujaze bomba kwa hayo, kule kuachwe. Nakula mkate wa mafuta na bado nasema hivyo, hata mbele ya wakubwa wangu.

Baridi ipo, tumeizoea. Jua halijachomoza tangu mwishoni mwa Novemba. Ninachokosa ni bada kwa samaki na kelele zenu.

Salehe amalize kwanza cheti cha kuchomelea pale VETA, kazi ya bomba haimpokei mtu wa maneno. Na fungu la Shangazi la kisima litolewe mwezi huu, mimi nachangia nusu.

Mdogo wako,
Athumani