Dada, ukavu una dawa

Dada yangu, shikamoo.

Swali lako la Jumapili, lile ulilouliza kwa kuzungukazunguka, la kwa nini ukeni kumekauka na tendo la ndoa linakuuma tangu hedhi ikate, lisingejibika mbele ya watoto na sufuria ya pilau. Nalijibu hapa, tena hadharani, maana wanawake wa rika lako kuanzia Mbagala hadi Tegeta wanaumia na jambo hilohilo na hawana wa kumuuliza. Unyagoni somo alitufunza mengi ya ndoa changa, ya umri huu hakuyagusa.

Hedhi ikikata miezi 12 mfululizo, umeshakoma hedhi. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari zinapunguza sana homoni ya estrojeni, na uke hauchukui muda kuonyesha njaa hiyo. Ukuta wa uke una mikunjo kama sketi ya shule, na mikunjo hiyo ndiyo inayouwezesha kutanuka. Estrojeni ikipungua, mikunjo inanyooka, ngozi inakuwa nyembamba, damu inafika kwa uchache na ute unachelewa. Asidi inayoulinda uke nayo inashuka, ndiyo maana UTI zinakurudiarudia. Lile joto la ghafla la usiku huwaishia wengi baada ya miaka kadhaa. Ukavu hauendi hivyo. Usipotibiwa hubaki, na mara nyingi huzidi.

Kabla hujanunua chochote, acha vinavyokausha. Shabu, ugoro, ndimu, majani ya kujifukiza, na vile vidonge vya kubana vinavyouzwa kwa kunong'ona, vyote naomba uvitupe leo. Vinachubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na mchubuko ni mlango wa maambukizi, VVU vikiwemo. Sabuni na marashi visiingie ndani. Nje panatosha maji.

Famasi utakuta vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni jeli ya kutunza unyevu, unaiweka ndani mara 2 au 3 kwa wiki, usiku wa kulala, kuwe na tendo au kusiwe. Kingine ni kilainishi cha wakati wa tendo lenyewe. Anza na nusu kijiko cha chai: paka mlangoni, ndani kidogo, na mpake na shemeji pia. Cha maji hukauka haraka na kuanza kunata. Kikinata usirundike kingine, dondosha matone ya maji na kitateleza upya. Cha silikoni hudumu zaidi. Vyote viwili vinaenda na kondomu. Mafuta ya nazi ni mazuri kama hamtumii kondomu, lakini kondomu ya mpira huharibika na kupasuka kwa mafuta yoyote. Epuka chenye manukato, chenye kuleta joto, au chenye gliserini nyingi, kwani huwasha.

Hivyo vikishindwa, kuna krimu ya estrojeni ya ukeni, na hapa ndipo wengi wanapoogopa bure. Dozi ni ndogo mno na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Krimu ya estrioli (aina mojawapo ya estrojeni) ya asilimia 0.1 kwa kawaida huwekwa nusu gramu kwa kibomba chake, kila usiku kwa wiki 2 hadi 3, kisha mara 2 kwa wiki. Nafuu huanza baada ya wiki chache na hukamilika karibu wiki ya 12. Kosa kubwa ni kuacha siku ya tano kwa kuwa hujaona kitu, au kuacha ukishapona, kwa sababu ukiacha ukavu unarudi. Andikiwa na daktari, na kama uliwahi kuugua saratani ya matiti mwambie kabla hajaandika. Famasi ya mtaani huenda isiwe nayo, piga simu kwanza kwenye famasi kubwa.

Sasa misuli. Mwili ulioumizwa mara tatu, mara ya nne hujikaza wenyewe kabla hujaguswa. Kwa hiyo pumzisheni kuingiliana kwa wiki chache mkiwa mnatibu, lakini msiache kushikana. Ukiwa peke yako, paka kilainishi kidole kimoja, kiingize hadi pingili ya kwanza, kandamiza taratibu upande wa chini huku ukitoa pumzi ndefu, kama dakika mbili. Usikimbilie mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Yanamsaidia anayevuja mkojo, ila aliyejikaza tayari yatamzidishia maumivu.

Shemeji anahitaji kuelezwa, tena si kitandani. Mngoje ametulia barazani jioni, umwambie: "Sijakuchoka. Naumia, na nimeanza dawa. Nataka twende polepole." Kinembe nacho kinapata damu kwa taratibu sasa, hivyo michezo ya dakika 20 au 30 si anasa. Hamu yenyewe mara nyingi huja katikati ya kushikana, usiisubiri ije kwanza. Alfajiri ni bora kuliko usiku wa kuchoka na foleni, na joto la Dar nalo linakuwa limepungua. Kaa juu wewe, au laleni ubavu, ili kina ukiamue mwenyewe. Na kama nguvu zake zimepungua, apimwe sukari na presha. Asimeze sildenafil, yaani Viagra, ya kununua kienyeji, maana ikikutana na dawa za moyo za naitreti presha inaweza kuporomoka hadi kuua.

Kuhusu mimba: aliyekoma hedhi akiwa na miaka 50 au zaidi aendelee na uzazi wa mpango mwaka 1 tangu hedhi ya mwisho, chini ya hapo, miaka 2.

Kuna mambo ambayo hayasubiri kilainishi. Tone lolote la damu baada ya ile miezi 12 bila hedhi, hata la rangi ya waridi kwenye khanga, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Kadhalika mabaka meupe yanayowasha kwenye mashavu ya uke, au maumivu ya ndani kabisa tumboni. Na mlango wa kizazi, dada, hujaupima. Ocean Road, hospitali ya saratani, wanapima. Niambie siku, nitakusindikiza, tuondoke saa kumi na mbili asubuhi kabla barabara haijajaa.

Mdogo wako